Yako Imechemshwa, Yao Ililoweshwa kwa Methanoli

Siku hizi hata yule jamaa anayeuza dawa ya miti kwa spika pale soko la Kibuye, Kisumu, ana kemia. Zamani alikuwa anasema tu dawa inatibu malaria, mgongo, presha, amiba na kukosa bahati, unanunua ama unapita. Saa hii chupa ni ile ile iliyokuwa ya soda, maji ni yale yale ya rangi ya chai iliyolala, lakini karatasi iliyobandikwa inasema ndani kuna kemikali zinazoitwa alkaloidi, flavonoidi, saponini, tanini na terpenoidi, halafu chini kwa herufi kubwa IMETHIBITISHWA NA MAABARA. Watu wanasoma, wanatikisa kichwa, wanatoa pesa.

Mimi nilisomea kemia na nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye maabara za kuchambua mimea huku magharibi ya Kenya, kusaga majani, kulowesha, kuchuja, kukausha, kuandika namba, kwa hivyo hiyo karatasi huwa siwezi kuipita. Na shida yake sio kwamba inadanganya. Ni kweli kabisa, hizo vitu zote tano ziko. Ziko pia kwenye chai yako ya saa nne: tanini ndiyo inayokausha ulimi ukinywa strungi, flavonoidi zimejaa kwenye majani ya Nandi na Kericho, saponini zimo, harufu ya chai inaletwa kwa sehemu kubwa na terpenoidi, na kafeini yenyewe ni alkaloidi. Kikombe cha strungi kingefaulu mtihani ule ule uliofaulu hiyo chupa, na bado sijaona mtu anauza strungi kama dawa ya kisukari. Bado.

Mtihani wenyewe ni wa mchana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili anaufanya huku anaongea na simu. Unatikisa maji ya majani kwenye tyubu, povu likikaa bila kuisha unaandika saponini ipo. Unadondosha kloridi ya chuma, ikigeuka bluu nyeusi ama kijani unaandika tanini ipo. Unaweka ile kemikali ya Dragendorff, ikitokea mashapo ya rangi ya chungwa unaandika alkaloidi ipo. Ipo, haipo, ipo. Haikuambii ni alkaloidi gani wala ni kiasi gani. Kafeini ni alkaloidi, kwinini ni alkaloidi, nikotini, mofini, na hata striknini ile ya kuulia wanyama ni alkaloidi, kwa hivyo mtu akiniambia mti wake una alkaloidi ni kama ameniambia ameoa mtu wa Kenya, nimpe pongezi lakini sijajua chochote.

Sasa kitu ambacho hakuna karatasi inasema, na mimi naona ndicho cha kwanza kuuliza, ni hiki: ilitolewa kwa kutumia nini? Mafuta ya mbuzi yakiganda kwenye sufuria hayatoki na maji baridi hata usugue mpaka kesho, lakini chumvi iliyobaki chini ya supu inaondoka yenyewe, na kemia yote ya dawa za miti inaanzia hapo. Ndani ya jani moja kuna mamia ya kemikali, zingine zinapenda maji, zingine zinapenda mafuta, zingine ziko katikati, na ukishachagua kiyeyushi, yaani kile kimiminika cha kuloweka, umeshachagua zipi zitoke na zipi zibaki kwenye makapi. Maabarani tunaloweka unga wa majani kwenye heksani, hiyo inabeba nta, mafuta, steroli na baadhi ya terpenoidi. Yale makapi unayakausha, unayaloweka tena kwenye ethili asetati, halafu methanoli, halafu mwisho kabisa maji. Kila mara unachuja, unaweka kwenye ile mashine inayozungusha chupa huku inavuta hewa ili kiyeyushi kipae bila moto mkali, na unabaki na uji mzito unaonata, mara kijani, mara kahawia, mara mweusi tii. Huo ndio ekstrakti. Mti ni mmoja, gunia ni moja, lakini una ekstrakti nne ambazo hazifanani rangi wala harufu, na ukizipeleka kwa vimelea moja inaua na tatu zinakaa tu.

Ripoti ikitoka inaandikwa mti fulani unaua bakteria. Ukiingia ndani unakuta ilikuwa ekstrakti ya methanoli. Methanoli ndiyo ile inayopofusha watu kwenye pombe haramu, hakuna mtu anaambiwa ainywe, inapaishwa yote kabla ya kupima, ila ilishabeba vitu ambavyo maji hayangebeba. Na kukhu yangu, yaani nyanya, kule Shinyalu alikuwa anachemsha. Majani, magome, mizizi, yote ni sufuria ya udongo, moto, maji yakibadilika rangi unapewa kikombe asubuhi na jioni na hakuna kukunja uso. Kwa hivyo maabara imepima kitu kimoja, mgonjwa amekunywa kingine, na kinachowaunganisha ni jina la mti peke yake. Hapo ndipo sifa za maabara zinahamishiwa kwenye chupa ya soda bila mtu kugundua, saa zingine hata sisi wenyewe tulioandika ripoti hatugundui kwa sababu tunataka sana mti wa kwetu ushinde.

Moto nao unachagua, kama kiyeyushi. Watu wengi wamesikia jina la Tu Youyou, yule mtafiti wa dawa wa China, lakini hawajui ugunduzi wake ulitokana na nini hasa. Mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria kwa ajili ya wanajeshi ulianza 1967, yeye akapewa kuongoza kikundi 1969, wakapima ekstrakti zaidi ya 380 kutoka mimea kama 200. Mmoja wao, huu tunaouita artemisia, ulikuwa leo unafanya kazi kesho haufanyi. Akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa China wa karne ya 4, akakuta mgonjwa anaambiwa aloweke fungu la majani kwenye maji, akamue, anywe yote. Hakuna mahali pamesemwa chemsha. Akaachana na moto, akatumia etha ambayo inachemka kwenye nyuzi 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli nambari 191 ikasafisha vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata wakapata fuwele za artemisinini, ile kemikali yenyewe inayoua vimelea, na 2015 akapata Nobeli. Siri ya hiyo molekuli ni daraja la oksijeni mbili zilizoshikana: kimelea cha malaria kinakula hemoglobini, kinabaki na chuma nyingi, hiyo chuma inakutana na lile daraja, daraja linavunjika na vipande vyake vinaanza kuharibu protini za kimelea kutoka ndani. Na daraja hilo halipendi joto la muda mrefu.

Sasa kuna watu huku ziwani wanapanda artemisia nyuma ya nyumba na homa ikija wanachemsha. Nimesikia wale wa hospitali wakisema hiyo chai haina kitu kabisa, na hiyo nayo si kweli. Utafiti mmoja uliochapishwa 2004 ulichukua gramu 9 za majani makavu, lita moja ya maji moto, wakapata miligramu 94.5 za artemisinini ndani ya hiyo lita. Kiasi kinachotakiwa kwa siku kwa mtu mzima ni kama 500, kwa hivyo lita nzima inakupa asilimia 19. Ina kitu, na hicho ndicho kinanitisha, kwa sababu homa inashuka, unaona umepona, kumbe vimelea dhaifu ndivyo vimekufa na vile vigumu vimebaki vinazaana vikiwa vimeshaonja dawa. Shirika la Afya Duniani linakataa hiyo chai kwa sababu kama hizo, watu wanafikiri ni njama za makampuni. Zile tembe za njano za malaria, AL, mtu mzima anameza 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, kila moja ina miligramu 20 za artemetha, inayotengenezwa kutoka artemisinini, na 120 za lumefantrini, na hiyo lumefantrini imewekwa makusudi kwa sababu artemetha inatoka mwilini ndani ya masaa machache na lazima kuwe na mwingine wa kubaki akifagia. Chai haina huyo wa kufagia.

Baada ya kiyeyushi kuna sehemu ya mmea. Mululuzia, Wajaluo wanauita olusia, kila boma la huku liko nao kwenye ua na kila mama anajua ni wa tumbo na minyoo. Mwaka 1987 kule Mahale, Tanzania, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe jike mgonjwa akichuma tawi la huo mti, akamenya gome akatupa, majani akaacha, akatafuna ule moyo mweupe wa ndani na kufyonza maji yake. Kesho yake akawa amechangamka. Walipochambua wakakuta kwenye majani na gome kuna vernodalini nyingi, ambayo ni kali na ina sumu yake, na kwenye moyo wa tawi kuna vernoniosidi, uchungu uko lakini wa kiasi kingine. Yaani sokwe amechagua sehemu. Sisi tunachuma mkono mzima wa majani tunatia kwenye sufuria. Mwarobaini pia ni hivyo hivyo, kemikali yake maarufu, azadirakitini, iko kwa mbegu kuliko kwa majani, na watu wanachemsha majani huku wakisoma sifa za mbegu.

Haya, tufike kwenye kisahani, manake hapa ndipo nimebishana na watu mpaka nikaonekana nachukia Uafrika.

Kisahani kina chakula cha bakteria kilichoganda, unapaka bakteria juu, unaweka kikaratasi kidogo cha mviringo kilicholoweshwa ekstrakti, unaweka kwenye joto la mwili usiku mzima. Asubuhi ukikuta bakteria wamejaa kila mahali isipokuwa duara safi kuzunguka kikaratasi, furaha, unapiga picha. Lakini kwenye kisahani hata siki inaua bakteria, hata sabuni ya kipande. Swali ni kwa kiasi gani. Kwa ekstrakti ghafi wengi wa fani hii hawashtuki mpaka ifanye kazi chini ya mikrogramu 100 kwa mililita, na nimesoma tasnifu zinazosherehekea miligramu 10, 50, hata 100 kwa mililita. Miligramu, sio mikrogramu. Tuseme ni hiyo 10. Mtu mzima ana damu kama lita 5, ni mililita 5,000, kwa hivyo ili damu yake ifikie pale kisahani kilipofika anahitaji gramu 50 za ekstrakti kavu ziingie zote kwenye damu, bila tumbo kuzikataa, bila ini kugusa hata chembe. Kama magome yanatoa ekstrakti asilimia 10 ya uzito wake, na mara nyingi hayafiki, hizo ni magome makavu nusu kilo kwa mara moja. Hiyo sio dozi, hiyo ni kuni.

Na hapo sijaongelea ini, ambalo kazi yake ni hiyo hiyo, kuona kemikali ngeni na kuibadilisha haraka iwezekanavyo itoke na mkojo. Flavonoidi nyingi zinazong'ara maabarani zikimezwa zinaishia kubadilishwa hivyo, kinachobaki kwenye damu ni kidogo mno. Ile ya kuzuia kuzeeka, ambapo kimiminika cha zambarau kinageuka njano na mtu anaandika mti ni kinga kubwa ya mwili, wacha tu niipite, karibu kila jani la kijani linafanya hivyo.

Ila hesabu ya kuni haifanyi kazi kwenye ngozi wala mdomoni, na ni lazima niseme hivyo kwa sababu kuna watu wakishajua hesabu moja wanafagia kila kitu. Pale Nakuru karibu na steji utapata wazee wanauza vipande vya gome la mti wa muthiga, unatafuna kwa kikohozi ama jino, na ukitafuna mara ya kwanza utafikiri umekunywa pilipili na tangawizi kwa mpigo mmoja. Hiyo pilipili ni kemikali za jamii moja: poligodiali, warbuganali, muzigadiali. Warbuganali ilitolewa kwenye huo mti na wanakemia Isao Kubo na Koji Nakanishi mwaka 1976, wakati Nakanishi anashirikiana na ICIPE, kile kituo cha wadudu alichoanzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, Odhiambo mwenyewe mtu wa Siaya. Na hawakuwa wanatafuta dawa ya kikohozi, walitaka kujua ni kemikali gani ya huo mti inayowafanya viwavijeshi wakatae kula. Kumbe molekuli ina mikono miwili ya aldehidi iliyokaa jirani, na mikono hiyo inashika protini na haiachii. Inashika protini za ulimi wa kiwavi, za fangasi, na za ulimi wako pia, ndiyo maana unawashwa. Ukitafuna, dawa iko pale pale penye kidonda, kwa wingi, bila kupitia kwa ini. Hiyo inaeleweka kabisa kikemia na sioni aibu kutafuna muthiga nikiwa na koo. Lakini mkono unaoshika kila protini hauchagui, kwa hivyo mtu akichukua hiyo habari akaniambia basi nimeze vijiko vitatu vya unga wake kwa ajili ya saratani kwa sababu uliua seli za saratani kwenye kisahani, nitamwambia ungeua pia seli ambazo si za saratani, alipima hizo?

Mukombero sasa. Hii najua ndiyo wengi mmesubiri, kaeni sawa.

Mizizi ya mukombero inauzwa kutoka Kakamega mpaka Nairobi, wanaume wanaitafuna kwenye matatu wakijifanya ni kwa ajili ya hamu ya chakula. Ule utamu na harufu yake inaletwa na aldehidi ambayo ni ndugu kabisa wa vanila ya keki, atomu ni zile zile, kaboni 8, hidrojeni 8, oksijeni 3, zimepangwa tu kivingine. Harufu hiyo ni nzuri sana na mimi naupenda mukombero, nautafuna nikiendesha gari ili nisisinzie. Ila zile nguvu za kiume. Watafiti wa Kamerun, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliwapa panya dume maji ya magome ya huo mzizi. Waliopewa siku chache homoni ya kiume ikapanda, na hii ndiyo sehemu inayosomwa kwenye spika. Lakini waliopewa kila siku kwa muda mrefu, utengenezaji wa mbegu ulivurugika, uwezo wa kuzalisha ukashuka, na walipoachishwa ukarudi. Yaani mti ule ule, panya wale wale, maji yale yale, kilichobadilika ni siku. Panya si mtu, najua, na huwezi kuhamisha dozi ya panya ukaipeleka Mumias hivi hivi. Lakini kama unakubali panya kwa habari ya kwanza, itabidi unikubalie panya kwa habari ya pili, na kama bibi yako anatafuta mimba na wewe unatafuna fungu zima kila siku kwa imani, hiyo habari ya pili inakuhusu kuliko ya kwanza. Nilimwambia shemeji yangu hivi kwenye harusi, akahama meza.

Kuna hoja moja ya watu wa mitishamba ambayo naiheshimu sana. Wanasema nyinyi wa maabara mnatoa kemikali moja, mnaitenga, ikikosa nguvu mnasema mti haufai, kumbe mti unafanya kazi ukiwa mzima. Kuna wakati ni kweli, na ushahidi mzuri zaidi ninaoujua ni wa mwaka 2000, wa Frank Stermitz na Kim Lewis kule Marekani. Kuna mimea inayotengeneza beberini, kemikali ya njano inayoua bakteria, lakini ile bakteria ya majipu na vidonda, stafilokoka, ina pampu kwenye ngozi yake ya kusukuma beberini nje kila inapoingia, kwa hivyo beberini peke yake ni dhaifu. Wakagundua mmea wenyewe una kemikali ya pili ambayo peke yake haiui chochote, kwenye mtihani wa kawaida ungeitupa. Kazi yake ni kuziba ile pampu. Ukizitenganisha umeua dawa. Kwa hivyo ndio, mchanganyiko unaweza kushinda kitu safi. Lakini angalia walivyojua: waligawa, wakapima, wakarudisha pamoja, wakapima tena. Kusema tu kwamba vitu vyote vinasaidiana kwa sababu ni vya asili, hapana, vingine vinapingana na vingine vinakuumiza figo.

Kinachonishangaza ni kwamba huku kwetu tunajua kupima vitu kama hivi tangu zamani, tunajua vizuri sana, kwenye pareto. Nakuru nzima imeishi kwa hilo ua, wakati mmoja Kenya ilikuwa inalisha dunia sehemu kubwa ya pareto yote. Na mkulima wa Molo ama Njoro akipeleka maua hakuwa analipwa kwa kilo peke yake. Wanachukua sampuli, wanapima pirethrini, ile kemikali yake inayoua wadudu, ni asilimia ngapi, na maua makavu mara nyingi yanakuwa na kati ya 1 na 2, unalipwa kwa hiyo. Mkulima asiyejua kusoma anajua kwamba ukichuma ua kabla halijafunguka vizuri asilimia inashuka, ukikausha vibaya inashuka, ukiacha kwenye jua na mwanga muda mrefu inashuka, kwa sababu molekuli zenyewe, ziko sita, zinaharibiwa na mwanga. Anajua aina ya mlimani ina nyingi kuliko ya bondeni. Bei yake ilimfundisha. Sasa niambie, mama anayeuza unga wa mwarobaini kwenye mfuko wa karatasi pale sokoni, huo unga ni asilimia ngapi ya nini? Ulichumwa lini, ulikaushwa wapi, umekaa dukani miezi mingapi? Dawa ya kuua mende tumeipima kwa asilimia miaka na miaka, na ya kumpa mtoto tunapima kwa kifuniko cha chupa.

Na inawezekana. Kando ya msitu wa Kakamega kuna kikundi cha Muliru, wakulima wa kawaida, wanapanda mwonyi shambani badala ya kuingia msituni, wanakamua mafuta yake kwa mvuke, kiungo chake kikubwa ni kafuri, na mafuta hayo ndiyo yanatengeneza Naturub, ile ya kujipaka kifua na viungo. Mwaka 2010 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ukiangalia kwa jicho la kemia wamefanya kila kitu sawasawa: mmea mmoja unaojulikana, sehemu moja, njia moja ya kuutoa, kiungo kinachojulikana, na inapakwa juu ya ngozi ambapo hesabu ya kuni haipo. Hawajasema inatibu kisukari. Mimi hiyo naiweka juu ya chupa kumi za Kibuye.

Kitu kingine haraka, na huku kwetu si kidogo kwa sababu ya wingi wa watu walio kwenye ARV na dawa za TB. Ini lina vimeng'enya vya kuvunja dawa, na kimoja, CYP3A4, kinashughulikia karibu nusu ya dawa zote tunazomeza. Kuna mimea inayokichochea mpaka kinavunja ARV haraka kuliko kawaida, virusi vinaanza kupanda huku mtu anameza tembe zake vizuri kabisa, na kuna mimea inayokizuia, dawa inajaa mwilini mpaka inakuwa sumu. Ukienda kliniki sema unakunywa nini. Kama muuguzi atakufokea, na wengine wanafoka, sema hivyo hivyo.

Nimalizie na khotsa wangu, yaani mjomba, kwa sababu yeye ndiye amenifanya niandike. Ana miaka zaidi ya sitini, mkojo unatoka kwa vipande, usiku anaamka mara nyingi, na anakunywa mwiritsa. Si mti wa mzaha huo. Wakikuyu wanauita muiri, kisayansi ni Prunus africana, gome lake Wafaransa wametengenezea dawa ya tezi dume tangu mwisho wa miaka ya 1960, na liliuzwa nje ya Afrika kwa tani mpaka mti ukaanza kuisha kwa kumenywa gome pande zote na ikabidi mwaka 1995 uwekewe ulinzi wa CITES, ule mkataba wa dunia wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Majaribio yamefanywa kwa watu, sio panya tu, na yanaonyesha unapunguza kuamka usiku kwa kiasi, sio muujiza. Tena unaunga mkono ile hoja ya mchanganyiko: ndani kuna steroli kama beta-sitosteroli, kuna asidi ya ursoliki, kuna feruliki iliyoshikana na pombe ndefu za nta, na dawa inauzwa kama mchanganyiko huo wote uliopimwa, sio moja iliyotengwa.

Ila hizo vitu zote zinapenda mafuta. Wafaransa hawakuzitoa kwa maji, walitumia viyeyushi kama kloroformu. Nikamweleza, khotsa, hiyo sufuria yako inatoa tanini na rangi, steroli nyingi zimebaki kwenye gome unalotupa nyuma ya choo. Akanisikiliza vizuri, akamaliza kikombe, akaniambia yeye sasa anaamka mara moja tu, niendelee na kloroformu yangu. Na anaweza kuwa anasema ukweli, kwa sababu kwenye hayo majaribio hata waliopewa tembe tupu walisema wamepata nafuu, shida za tezi dume zina tabia ya kupanda na kushuka zenyewe. Ndiyo maana sikubishana naye juu ya kikombe. Nilimwambia kitu kimoja, kwamba mkojo wa namna hiyo unaweza kuwa tezi kubwa ya kawaida ya uzee na unaweza kuwa saratani, nafuu haitofautishi, gome halitofautishi, kuna kipimo cha damu kinaitwa PSA na kuna daktari wa kumkagua. Kwa kidole, ndio, nilimwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, akauliza hicho cha damu peke yake ni pesa ngapi.